Wenye Ruhusa ya Bastola katika Marekani: Hesabu Zinashuhudia Nini?

Kuna neno moja linalosemwa mara nyingi kila watu wanapobishana juu ya silaha katika inchi ya Marekani. Wengine wanasema: «Watu waliopewa ruhusa ya serikali ya kutembea na bastola wanavunja sheria kidogo kuliko watu wengine. Basi bastola haiharibu mutu, na ingefaa watu wengi zaidi waibebe.» Wengine wanajibu kwa gazabu: «Huo ni uongo. Mutu anayetembea na silaha, siku moja ataitumia vibaya.»

Tumetaka kulichunguza jambo hili polepole, kwa sababu pande zote mbili zinachanganya maulizo mawili yasiyo sawa. Wale wa kwanza wana kweli mukononi, na kweli hiyo haifai kufichwa. Lakini kati ya kweli hiyo na lile neno «basi» linaloifuata kuna shimo. Watu wanaweza kuangamia katika shimo hilo, maana sheria zinawekwa na kuondolewa kwa kufuata hesabu hizi.

1. Ruhusa hiyo ni kitu gani?

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo linajiwekea sheria zake juu ya mambo mengi, pamoja na silaha. Zamani, katika majimbo mengi, mutu aliyetaka kutembea na bastola chini ya mavazi yake alikatazwa kabisa, ao alipaswa kumuomba mukubwa wa polisi ao muamuzi. Na yule mukubwa aliweza kukubali ao kukataa kama alivyoona mwenyewe.

Mwaka wa 1987 jimbo la Florida lilibadili desturi hiyo. Sheria yake mupya ilisema kwamba mutu akiisha kutimiza masharti yaliyoandikwa, serikali haiwezi tena kumunyima ruhusa. Watu wengi waliogopa wakati ule. Walitabiri kwamba ugomvi mudogo wa magari njiani utamalizika kwa masasi. Hata hivi, nyuma ya Florida majimbo mengine mengi yalishika njia ileile.

Moja katika hayo ni Texas. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika muji wa Killeen, mutu mumoja aliingia na silaha katika nyumba ya kulia chakula, akaua watu 23. Mwanamuke mumoja, Suzanna Gratia Hupp, alipoteza baba na mama yake siku ile. Bastola yake mwenyewe alikuwa ameiacha katika gari, kwa sababu sheria ilimukataza kuibeba. Alitoa ushuhuda huo pahali pengi, na baadaye akachaguliwa kuwa mujumbe katika baraza la jimbo. Mwaka wa 1995 gavana George W. Bush alitia saini sheria ya ruhusa, nayo ikaanza kutumika mwanzoni mwa mwaka wa 1996. Tunakumbusha habari hii kusudi musomaji afahamu kwamba wengi wanaoomba ruhusa hawana tamaa ya kuua. Wanaogopa kuuawa.

2. Hesabu zenyewe

Sheria ya Texas ilileta faida moja kwa wachunguzi. Ofisi ya polisi ya jimbo ilipaswa kutangaza kila mwaka watu wangapi walihukumiwa na tribinali kwa makosa fulani, na kati yao wangapi walikuwa na ruhusa ya bastola. Tutwae mwaka wa 2011. Katika makosa yaliyohesabiwa, hukumu zilikuwa 63.679. Kati ya hizo, hukumu za watu wenye ruhusa zilikuwa 120 tu.

Musomaji ataliza: labda wenye ruhusa walikuwa wachache sana? Hapana. Mwaka ule walipita nusu milioni, ni kusema karibu watu 3 kwa kila watu wazima 100. Kama wangalikosa sawa na wengine, tungaliona hukumu zao karibu 3 katika kila hukumu 100. Lakini tunaona hukumu 2 tu katika kila 1.000. Tuseme kwa namna nyingine: katika wenye ruhusa 100.000, karibu 23 walihukumiwa mwaka ule. Katika watu wazima wengine 100.000, karibu 350. Tofauti ni mara 15 hivi.

Florida inashuhudia vilevile. Tangu mwaka wa 1987 mupaka mwanzo wa mwaka wa 2011, jimbo lile lilitoa ruhusa karibu milioni 2. Ruhusa zilizonyanganywa kwa sababu mwenyewe alitumia bunduki katika kosa nyuma ya kuipokea hazikufika 200.

Kwa hiyo tukubali bila kigeugeu: wale waliotabiri kwamba wenye ruhusa watakuwa kundi la wauaji walidanganyika. Kumushitaki jirani kwa kosa asilolifanya ni kumusingizia, hata kama hatupendi kile anachokibeba kiunoni.

Lazima tuongeze neno moja. Mwaka wa 2013 wachunguzi wa Texas, wakiongozwa na Charles Phillips, walitangaza uchunguzi wao juu ya hukumu za miaka ya 2001 mupaka 2009. Nao waliona kwamba wenye ruhusa wanahukumiwa mara chache sana kuliko wengine. Lakini walipotazama wale wachache walioanguka, waliona kwamba sehemu kubwa zaidi ya makosa yao ilikuwa ya namna nzito: makosa ya silaha, makosa ya kingono, na makosa yaliyoleta kifo cha mutu. Wezi wa vitu vidogo hawakuwa wengi kati yao. Basi kundi hili linaanguka mara chache, lakini kuanguka kwake si sawa na kwa wengine.

3. Sababu ya tofauti hiyo

Sasa tunafika kwenye shina la jambo. Juu ya nini wenye ruhusa wanakosa kidogo?

Tutazame masharti ya Texas yalivyokuwa tangu mwanzo. Muombaji alipaswa kuwa na miaka 21. Mutu aliyekwisha kuhukumiwa kwa kosa kubwa hakukubaliwa. Hata kosa dogo zaidi, kama lilikuwa la namna fulani na halijapita miaka 5, lilimufungia mulango. Mutumwa wa pombe ao wa madawa mabaya alikataliwa. Vilevile yule asiyelipa kodi, na hata baba aliyeamriwa na tribinali kutoa feza za kulisha watoto wake, naye hatoi. Muombaji alitoa alama za vidole, na polisi wakachunguza maisha yake. Aliketi darasani saa 10 ao zaidi, akafanya mutihani wa kuandika, kiisha akapiga masasi 50 mbele ya mwalimu. Na zaidi ya hayo alilipa dola 140.

Mama anayepepeta muchele kwa lungo anafahamu tayari tunakwenda wapi. Akiisha kupepeta, akute muchele safi, hatasema: «Chungu changu kimeusafisha muchele huu.» Ulikuwa safi mbele ya kuingia katika chungu. Wenye ruhusa ni watu waliokwisha kupepetwa. Walevi, wagomvi, waliofungwa zamani, wote walibaki inje. Tena wengi wa wenye ruhusa ni watu wa makamo, wenye kazi na nyumba, na mutu wa miaka 50 anapigana njiani mara chache kuliko kijana wa miaka 22, akiwa na bastola ao bila bastola. Na yule asiyekuwa na dola 140, wala nafasi ya kuketi darasani siku nzima, hakuingia katika kundi hilo, hata kama alikuwa mutu mwema.

Tufanye mufano. Katika kijiji kuna watu wazima 1.000, na ugomvi wote wa kijiji unaletwa na watu 50 wanaojulikana. Chifu anachagua watu 100 katika wale 950 waliobaki, anampa kila mumoja mukuki. Mwisho wa mwaka anahesabu: wale 100 hawakuleta ugomvi hata mara moja. Je, atasema kwamba mikuki imeleta amani? Angewapa baiskeli ao ngoma, hesabu ingekuwa ileile. Alichokipima hakikuwa mukuki. Alipima namna yake ya kuchagua watu.

Vivyo hivyo na hesabu za Texas. Zinausifu ungo, ni kusema yale masharti. Hazijasema neno lolote juu ya bastola. Wanafunzi wa logika wanalijua kosa hili: mambo mawili yakionekana pamoja, mutu mwenye haraka anazania moja limezaa lingine.

4. Ulizo la pili

Kuna ulizo lingine lililo mbali na lile la kwanza. La kwanza linauliza: «Je, mwenye ruhusa anakosa mara nyingi kuliko wengine?» Tumelijibu: hapana. La pili linauliza: «Jimbo likiruhusu watu wengi kutembea na bastola, je, mauaji na ujambazi katika jimbo lile vinapungua ao vinaongezeka?» Jibu la ulizo la kwanza haliwezi kujibu la pili.

Juu ya ulizo hili la pili wenye elimu wamebishana muda murefu. Mwaka wa 1998 John Lott alitangaza kitabu kinachofundisha kwamba bunduki nyingi zaidi zinapunguza makosa, kwa sababu jambazi anamuogopa mutu ambaye labda ana silaha. Kitabu kile kilisomwa sana. Lakini mwaka wa 2004 kundi la wenye elimu walioitwa na Baraza la Taifa la Uchunguzi la Marekani lilipima tena hesabu hizo. Nalo likasema kwamba hazitoshi kuhakikisha kama sheria za ruhusa zinapunguza ujambazi ao zinauongeza. Mujumbe mumoja tu, James Q. Wilson, hakukubali shauri hilo lote. Yeye aliona kwamba juu ya mauaji, hesabu za Lott zilikuwa na nguvu.

Mwaka wa 2019 John Donohue na wenzake walitangaza uchunguzi mwingine, wenye hesabu za miaka mingi zaidi. Waliona kwamba miaka 10 nyuma ya kuweka sheria hizo, ujambazi wa kutumia nguvu ulikuwa juu kwa sehemu 13 mupaka 15 kwa mia kuliko vile ungalivyokuwa bila sheria hizo. Lott na wengine wanabisha, lakini siku hizi uchunguzi mwingi zaidi unaelekea upande wa Donohue.

Hapa musomaji atashangaa: namna gani ujambazi uongezeke, ikiwa wenye ruhusa wenyewe hawakosi? Haya mambo mawili yanaweza kukaa pamoja. Mutu mwema anatembea na bastola; anafika pahali ambapo silaha imekatazwa; anaiacha katika gari. Mwizi anavunja kioo, anaichukua. Siku ile mwenye ruhusa hakuvunja sheria, na jina lake halitaandikwa katika buku ya tribinali. Lakini bastola yake imepita mikononi mwa mutu ambaye ungo ulimukataa. Mwaka wa 2022 Donohue na wenzake walichunguza miji mikubwa, wakaona kwamba nyuma ya sheria hizo wizi wa bunduki uliongezeka, na polisi walifaulu kidogo kuliko mbele kuwavumbua wenye makosa. Tena jambazi anayefikiri kwamba kila mutu ana bastola, labda atakimbia. Labda pia atabeba yake mwenyewe na kupiga wa kwanza.

5. Yasiyoandikwa katika tribinali

Kuna tena jambo moja la huzuni ambalo hesabu za hukumu haziwezi kulionyesha. Mwaka wa 2021 watu 48.830 walikufa kwa bunduki katika Marekani. Kati yao 26.328, ni kusema zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Mutu aliyejiua hapelekwi mbele ya muamuzi. Jina lake haliongezi hesabu ya makosa ya wenye silaha, hata kidogo.

Mwaka wa 2020 wachunguzi wa California walitangaza habari za mamilioni ya watu waliofuatwa kwa miaka mingi. Waliona kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujiua zaidi ya mara 3 kuliko wanaume wasio nayo, na wanawake zaidi ya mara 7. Uchunguzi huu uliwahusu wote wenye kumiliki bastola, si wale tu wenye ruhusa ya kutembea nayo. Hata hivi unatufundisha kwamba mutu aweza kuwa mwema mbele ya sheria, asimuzuru jirani hata siku moja, na bastola yake ikawa hatari kwake mwenyewe katika saa moja ya giza. Saa ile inapita, lakini risasi hairudi.

6. Ungo unapotupwa

Tumesema mwanzoni kwamba watu wanaweza kuangamia katika shimo la neno «basi». Sasa tuonyeshe shimo hilo.

Katika miaka ya nyuma majimbo mengi yaliondoa lazima ya ruhusa. Alaska ilifanya hivyo mwaka wa 2003, Arizona mwaka wa 2010. Texas yenyewe ilifuata tarehe 1 Septemba 2021, na Florida tarehe 1 Julai 2023. Mwaka wa 2024 majimbo ya namna hiyo yalifika 29. Tena mwaka wa 2022 Tribinali Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka New York, ilisema kwamba serikali haiwezi kumulazimisha mutu aonyeshe sababu ya pekee mbele ya kumupa ruhusa. Lakini haikukataza masharti kama kuchunguza maisha ya muombaji na kumufundisha.

Katika majimbo yale 29, mutu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa angali amekatazwa kushika bunduki. Lakini mutu anayetembea na bastola hahitaji tena kuchunguzwa mbele ya kuanza kuibeba. Hakuna darasa lililo lazima, hakuna mutihani, hakuna masasi 50 mbele ya mwalimu. Katika karibu majimbo hayo yote ruhusa ingaliko kwa yule anayeitaka, kwa mufano kusudi atembee na silaha katika jimbo lingine. Lakini si lazima tena.

Na katika mabishano yaliyotangulia sheria hizo, hesabu gani ziliwekwa mbele ya watu? Mara nyingi zilikuwa zile za wenye ruhusa: «Tazameni, wanakosa kidogo, basi tuwaachie wote.» Hayo ni kama kusema: «Watu waliopepetwa ni safi, basi tutupe lungo.» Wanaosema hivi wanakata tawi wanalolikalia. Hesabu nzuri za watu waliochunguzwa na kufundishwa haziwezi kuwa dhamana kwa watu wasiochunguzwa wala kufundishwa. Kama tunaziamini, ni sababu ya kulinda masharti yale, si ya kuyaondoa.

7. Tujifunze nini?

Hatukuandika haya kwa kuwaamulia watu wa Marekani mambo ya inchi yao. Wanaobeba bastola kwa kuogopa kuuawa, na wanaozikataa kwa kuogopa vilevile, wote wanawalilia wafu wao. Lakini mutu akituletea hesabu, tujizoeze kumuuliza maulizo matatu.

La kwanza: watu hawa waliohesabiwa, ni nani aliyewachagua, na kwa masharti gani? La pili: hesabu hii inajibu ulizo linaloulizwa, ao inajibu lingine lililo jirani nalo? La tatu: nani hakuandikwa katika buku hii?

Kwa jambo letu la leo majibu ni haya. Wenye ruhusa walichaguliwa na sheria kali, na ndiyo maana wanakosa kidogo. Hesabu zao zinashuhudia juu ya watu wale, wala hazishuhudii kwamba inchi inapata amani kwa wingi wa bastola. Na wasioandikwa ni yule aliyejiua nyumbani mwake, na yule aliyeuawa kwa bastola iliyoibwa katika gari la mutu mwema.

Anayesema kwamba wenye ruhusa ni wauaji anawasingizia. Anayesema kwamba wema wao umetoka katika bastola anamunyima lungo sifa yake. Na atakayelitupa lungo, akitumaini kukuta muchele safi kesho, atakula pamoja na mawe.